Tyubu ya Nane

"Huo mkono una haraka ya kwenda wapi?" Mama Mkaguzi aliuliza, na wanafunzi wote kumi wakageuka kuutazama mkono wenyewe.

Ulikuwa mkono wa Kiherehere. Ulishika pipeti, mrija wa kupimia matone, juu ya tyubu ndogo kuliko kidole cha mtoto mchanga, na ulikuwa ukichezacheza, si kwa woga bali kwa kukosa subira. Mama yake mdogo, aliyemlea, ndiye aliyempa jina hilo akiwa na miaka minne, kwa kuwa alikuwa akijibu maswali kabla hayajaisha kuulizwa. Jina likamfuata shule ya msingi, likamfuata sekondari, likaingia naye chuo kikuu bila kuomba ruhusa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, anamalizia shahada ya uzamili ya bioteknolojia, na juzi tu karani wa usajili alikuwa amemwita hivyo dirishani mbele za watu.

"Hauna pa kwenda, Mama," alijibu.

"Basi uambie utulie. Hayo matone unayoyamwaga pembeni, kiwandani yangekuwa chanjo ya watoto mia mbili."

Wenzake walicheka, naye akacheka pia, kisha akaendelea.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya nne ya mafunzo ya stadi za kazi. Chuo kilikuwa kimegundua, kwa kuchelewa kama kawaida, kwamba wahitimu wake wanajua vinasaba vya kila mdudu lakini hawajui kuandika barua ya kuomba kazi wala kubandika lebo kwenye chupa. Ndipo wakamwita Mama Mkaguzi, mstaafu aliyekagua viwanda vya dawa kwa miaka thelathini, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni na sauti isiyopanda hata siku moja. Jumatatu aliwafundisha barua. Jumanne aliwafundisha usaili. Alipomuuliza Wakili, kijana aliyepewa jina hilo kwa ubishi, udhaifu wake ni upi, Wakili akajibu kwa madaha kwamba udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi. "Kaa chini, kazi umeikosa," akaambiwa. Jumatano nzima ilikwenda kwenye daftari la maabara: kuandika kilichotokea, muda kilipotokea, na kutoka chupa ipi.

Yote hayo yalikuwa mazuri, lakini hakuna aliyekuwa akilala vizuri wiki hiyo kwa sababu ya jambo lingine. Kiwanda cha chanjo kilichopo ng'ambo ya pili ya mji kilikuwa kimemwomba Mama Mkaguzi awachagulie mtu mmoja. Mmoja tu. Aanze kazi tarehe mosi ya mwezi ujao, na awe ameshatetea tasnifu yake na barua ya chuo anayo mkononi. Katika wale kumi, waliokuwa wamepangiwa kutetea kabla ya tarehe hiyo walikuwa wawili, Kiherehere na Wakili, wote Jumatatu. Tangu Jumanne Kiherehere alikuwa kama mtu aliyekalia miiba. Aliamka alfajiri bila kuamshwa, akala akiwa amesimama, na akitembea alikuwa akijisemea mwenyewe majibu ya maswali ya Jumatatu mpaka watu wakampisha njia.

Zoezi la siku hiyo lilikuwa jepesi. Kila mtu alipewa maji ya majani saba ya mnyanya, mengine yana virusi, mengine mazima, na hakuna aliyeambiwa yapi ni yapi. Kazi ilikuwa kuyapunguza makali kwa maji safi ya maabara, kuyatia kwenye tyubu, na kuiachia mashine iseme. Tyubu saba zilikuwa za majani. Ya nane isingekuwa na jani lolote, ni maji matupu, ili mtu ajue kama kazi yake ni safi.

"Sikilizeni," alisema Mama Mkaguzi. "Tyubu ya nane inywe maji yale yale waliyokunywa wenzake. Najua pakiti ya dawa za kupimia inakuja na kichupa chake cha maji, na kiko hapo karibu, na wengi mnakitumia. Msikitumie. Hiyo ni sawa na kuonja sufuria ya jirani ili ujue kama chakula chako kimekolea chumvi."

Kiherehere aliinua kichwa. Siku zote tyubu yake ya nane alikuwa akiitia maji ya kile kichupa cha kwenye pakiti. Ndivyo alivyoelekezwa na mwanafunzi aliyeitumia meza ile kabla yake, naye hakuwahi kuuliza. Akaandika maneno ya Mama Mkaguzi daftarini, na wazo likapita.

Wenzake walipanga foleni kwenye chupa kubwa ya maji. Yeye na foleni, wapi na wapi! Alikwenda kwenye friji, akatoa chupa yake mwenyewe yenye kifuniko cha buluu, ile aliyofanyia kazi ya tasnifu yake yote, akarudi na kuanza kuyatia kwenye tyubu zote nane huku wengine wakiwa bado wamesimama. Alikuwa wa kwanza kufunga tyubu na wa kwanza kufika kwenye mashine.

Mashine ilichukua saa moja na nusu. Kwenye skrini kila tyubu ilikuwa na mstari wake. Penye virusi mstari hupanda, pasipo na virusi hulala chini. Mistari ya Wakili ilikuwa minne juu na minne chini, kama ilivyotakiwa, na ya wengine vivyo hivyo. Ya Kiherehere ilipanda yote minane.

"Lo! Dada," Wakili alisema, "mpaka maji yako yanaumwa!"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Kiherehere akageuka kumtazama Mama Mkaguzi, ambaye alikuwa amevaa miwani na kuikaribia skrini.

"Andika kama ulivyoona," alisema Mama Mkaguzi. "Halafu badilisha kitu kimoja tu, rudia."

Alibadilisha maji. Alichukua yale ya chupa kubwa, akarudia, akazunguka mashine ile mara ishirini kwa saa moja na nusu nyingine, na safari hii mistari ikatokea minne juu na minne chini, ya nane imelala kabisa. Wote wakapiga makofi.

"Si unaona?" Wakili alisema akivua glavu. "Chupa ilichafuka, basi. Imwage, yaishe. Twende tukale."

Wakaenda. Kiherehere alisema anakuja, na hakwenda.

Alibaki amesimama mbele ya friji na ile chupa mkononi. Lebo ilikuwa ya mwandiko wake mwenyewe, pamoja na tarehe aliyoifungua: miezi minne iliyopita, wiki ile ile alipoanza kupima mbegu. Aliwahi kuifungua kwenye meza ile ile aliyokuwa akisagia majani yenye ugonjwa, si mara moja, kwa kuwa kuhamia meza nyingine kulimpotezea muda. Akafungua daftari. Ukurasa baada ya ukurasa, maji ni ya chupa ya buluu. Ukurasa baada ya ukurasa, tyubu ya nane ni maji ya pakiti, imelala, safi, nzuri, kwa kuwa haikuwahi kuonja maji ya chupa ya buluu. Alijikuta amekaa sakafuni bila kukumbuka alivyokaa.

Maana tasnifu yake ilisema hivi: ugonjwa ule ule wa minyanya waliokuwa wakiupima siku hiyo, ambao watu wote waliamini unasambazwa na wadudu, umo ndani ya mbegu. Karibu kila mbegu aliyopima ilikuwa nao. Mtu angeweza kujiuliza mbona karibu zote, lakini hakuna aliyejiuliza, walikuwa wamefurahi mno. Profesa alikuwa ameandika makala na kuituma kwenye jarida. Ofisi ya kilimo ilikuwa imeomba nakala. Na mbegu zenyewe hazikutoka hewani. Zilitoka kwa mwanamke mmoja aliyeishi mwendo wa nusu siku kutoka mjini, aliyezirithi kwa mama mkwe wake na kuzichagua mwaka baada ya mwaka, tunda moja moja, akiwagawia majirani. Kiherehere alimwita Mama Mbegu. Ndiye aliyempa Kiherehere bahasha nono ya mbegu na kumwambia, "Chukua mwanangu, kasome nazo."

Wiki mbili zilizopita, kabla hata ya kuambiwa na mtu, Kiherehere alimpigia simu kumwonya. Hakuweza kungoja. Alimwambia mbegu zina ugonjwa, asimpe mtu, zitaambukiza mashamba ya jirani. Alidhani anamtendea wema. Mama Mbegu akasema, "Haya mwanangu, nimesikia."

Kiherehere aliinuka kutoka sakafuni. Akashuka ngazi za ghorofa zote tatu mpaka chini, akapanda tena, akashuka tena. Mlinzi wa mlangoni akamuuliza amepoteza nini, akajibu hajapoteza kitu. Aliingia msalani akanawa mikono, akatoka, akarudi kunawa. Kisha alikwenda kwenye karo la maabara akafungua kile kifuniko cha buluu.

Kumwaga maji yale kungechukua sekunde tano. Zoezi lilikuwa limekwisha, kila mtu ameridhika, na jambo lenyewe lingebaki kichekesho cha Wakili kuhusu maji yanayoumwa. Jumatatu angesimama mbele ya jopo, angejibu, angepewa mkono. Tarehe mosi angevaa koti jeupe la kiwanda.

Tuseme ukweli: si utakatifu uliomzuia. Kilichomzuia ni kwamba hakuweza kuvumilia kutojua. Mtu aliyeshindwa kungoja foleni ya maji dakika kumi angengoja vipi maisha yake yote? Alifunga chupa, akaivuta droo, akatoa bahasha ya Mama Mbegu. Akahesabu mbegu kumi na mbili, akazisaga moja moja, akatumia maji mapya, na tyubu ya maji akaitia yale yale mapya. Ya mwisho akaitia maji ya jani lenye ugonjwa, ili ajue mashine haijalala.

Mama Mkaguzi alirudi kutoka kula akamkuta amesimama mbele ya skrini, kakumbatia mabega yake mwenyewe. Alivuta kiti akakaa, na wote wawili wakatazama. Mstari wa jani ulipanda. Mingine yote ililala chini, na dakika zikapita, na ikaendelea kulala.

"Ni za mazoezi?" Mama Mkaguzi aliuliza hatimaye.

"Ni za tasnifu."

"Unatetea lini?"

"Jumatatu."

Mama Mkaguzi alivua miwani ikaning'inia kifuani. Kwa mara ya kwanza wiki hiyo alionekana mzee. "Mimi sikuambii la kufanya," alisema. "Nikikuambia sema, utasema kwa ajili yangu, na baadaye utanichukia. Nikikuambia nyamaza, nitajichukia mimi. Nenda kale kwanza."

Hakula. Alichapisha ile mistari kwenye karatasi, akaenda nayo moja kwa moja kwa Profesa, akibisha mlango na kuufungua kwa wakati mmoja.

Profesa alikuwa mrefu, mwenye shughuli nyingi, mtu ambaye katika miaka miwili Kiherehere hakuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Alisikiliza akiwa amesimama. Alipoelewa, aliukaribia mlango akaufunga.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Mama Mkaguzi alikuwepo."

"Akasema nini?"

"Akasema nikale."

Profesa alimtazama kama aliyetukanwa. Akaichukua karatasi, akaigeuza, akaigeuza tena. "Mbegu kumi na mbili ni chache."

"Nirudie arobaini? Naweza kurudia arobaini kesho, Profesa, nikianza saa moja asubuhi naweza hata..."

"Nyamaza kwanza."

Dirishani kulikuwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakipiga kelele kwenye nyasi, na alitamani sana kuwa mmoja wao.

"Hii habari ya maji ya kwenye pakiti," Profesa alisema taratibu. "Nani aliyekufundisha?"

"Yule aliyekuwa meza ile kabla yangu."

"Na yeye nilimfundisha mimi." Hapo ndipo alipokaa. Alifunika uso kwa viganja vyote viwili, na alipoviondoa sauti yake ilikuwa imebadilika. "Unafahamu maana yake?"

"Maana yake tasnifu yangu imekufa."

"Maana yake ni tasnifu tatu. Yako, yake, na ya aliyemtangulia, zote kwa maji ya pakiti." Akainua simu ya mezani, akairudisha. "Miezi minne! Miezi minne umekaa na chupa moja! Huna akili? Na mimi nilikuwa wapi?" Aliyauliza yote mawili kwa sauti ile ile, kisha akatikisa kichwa. "Jumatatu hakuna. Acha karatasi hapa, utoke. Hapana, ngoja. Ya kwako chukua, mimi niachie nakala."

Alitoka. Angefarijika kama angeambiwa amefanya vema, na hakuna aliyemwambia. Hakujua hata kama Profesa ataandika barua kwa lile jarida au ataifungia karatasi kabatini. Akiwa kwenye ngazi alimpigia simu Mama Mbegu. Namba haikupatikana. Akapiga tena akiwa getini, akapiga tena kituoni, akapiga mara mbili njiani.

Nyumbani mama mdogo alikuwa kwenye cherehani yake sebuleni, akishona sare za shule, pini mdomoni. Kiherehere alimwambia yote akiwa bado na mkoba begani. Mama mdogo aliondoa pini moja moja akazichomeka kwenye mto wake.

"Kwa hiyo umefeli?"

"Sijafeli. Naanza upya."

"Upya kuanzia wapi?"

"Kuanzia mbegu."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda kinataka mtu wa mwezi ujao."

"Nani alikulazimisha kusema?"

"Hakuna."

Mama mdogo alisukuma kile kitambaa mbele, cherehani ikakimbia kidogo, kisha akaisimamisha. "Tangu mtoto, mdomo wako hauna mlango," alisema. "Mimi nimeshawaambia watu wote, unanisikia? Wajomba zako nimewaambia. Mpaka muuza maziwa nimemwambia, Jumatatu mwanangu anamaliza. Sasa muuza maziwa utamwambia wewe."

Kiherehere alitaka kucheka, badala yake akalia, na kilio chenyewe kilikuwa kibaya, cha kelele, cha mtoto. Mama mdogo alimwacha alie. Baadaye alisogeza kiti chake, akamvuta kichwa akakilaza juu ya lile rundo la sare, akaendelea kuchomeka pini kwa mkono mmoja.

Ijumaa asubuhi, kwenye ubao wa matangazo, ile karatasi ya ratiba ilikuwa imekatwa kwa kalamu. Jina la Wakili lilibaki na saa yake. Lake lilipigwa mstari, pembeni imeandikwa "imeahirishwa", bila tarehe. Alisimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, watu wakimpita na kujitia hawajaona.

Kipindi cha mwisho kilikuwa kifupi. Mama Mkaguzi aliwashukuru, akawakumbusha wasiandike barua za kurasa tatu, kisha akasema, bila kuzunguka, kwamba kiwandani anakwenda Wakili. Makofi yakapigwa. Wakili alisimama, akakaa, akasimama tena, akamtazama Kiherehere na kuinamisha kichwa.

"Hongera, bwana," Kiherehere alisema. "Na usiwaambie udhaifu wako."

Mama Mkaguzi alimngoja mlangoni. "Nilikuwa nimeandika jina lako," alisema. "Jumatano. Nakuambia kwa sababu ni haki yako kujua, si kwa kukuumiza."

"Inauma, Mama."

"Najua inauma. Niliwaomba wakungoje. Wamekataa."

Iliuma sana. Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Alitazama, akaomba radhi, akakimbilia maabara iliyokuwa tupu.

"Mwanangu, umenipigia mara tano," alisema Mama Mbegu. "Huku umeme ulikatika, simu ikazima. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Mama. Nimekupigia kukuambia mbegu zako ni nzima." Maneno yalimtoka yakigongana. "Kosa lilikuwa langu. Maji yangu ndiyo yalikuwa machafu, Mama, si mbegu. Mbegu zako hazina kitu, hazina kitu kabisa, unaweza kuzigawa, nimezipima upya jana na..."

Alisita. Upande wa pili kuku mmoja alikuwa akilalamika kwa mbali.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia. Nilizichoma."

Kiherehere alishika ukingo wa meza.

"Zote," alisema Mama Mbegu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku ile ile uliyonipigia. Ulisema zitawaambukiza majirani, na mimi majirani ninao. Makopo yote nikayamimina. Hata yale ya mama mkwe aliyoyafunga kwa mikono yake. Na miche iliyokuwa kitaluni nikaing'oa."

"Nisamehe," Kiherehere alisema. Lilikuwa neno dogo mno, naye alijua. Akalirudia, na lilipotoka mara ya tatu lilikuwa limechanganyika na kwikwi.

"Usilie, sikusikii ukilia." Yule mama alikohoa, akavuta pumzi. "Sikiliza. Ile bahasha niliyokupa. Umeimaliza?"

Alikwenda kwenye droo, simu ameibana kwa bega. Bahasha ilikuwepo. Ilikuwa nono siku ile alipoipokea, na sasa ilikuwa imelegea. Jana tu alikuwa amesaga kumi na mbili. Kabla ya jana, kwa miezi minne, alikuwa amesaga mamia, akitaka majibu.

"Ipo, Mama."

"Zimebaki ngapi?"

"Sijui. Si nyingi."

"Hesabu. Mimi nipo."

Alizima feni ili zisipeperuke. Akatandaza karatasi nyeupe mezani, akaikung'uta bahasha juu yake, akaikung'uta tena, akaichana pembeni akachungulia kwenye mikunjo. Zilikuwa ndogo, bapa, zenye manyoya kama vumbi la nguo. Akaitenga ya kwanza kwa ncha ya kidole.

"Moja," alisema.

"Moja," akaitikia Mama Mbegu, na kalamu ikasikika ikikwaruza karatasi. "Endelea."

"Mbili."

"Mbili."

Kwenye korido wenzake walikuwa wakiitana kwenda kupiga picha ya pamoja, na mmoja akagonga mlango, akafungua, akaona, akaufunga. Kiherehere hakugeuka.

"Kumi na tisa," alisema.

"Kumi na tisa, nimeandika. Endelea, mwanangu."